Kamba Iliyokwenda Kasomeno

Mama Aziza alizikwa Ijumaa, na siku ya tatu ya matanga binti yake Salama alinivuta pembeni, mahali walipokuwa wakioshea masufuria, akanipa mfuko wa turubai uliofungwa kwa uzi. Hakuniambia mna nini. Niliujua kwa uzito wake. Nilipofika nyumbani niliufungua juu ya meza ya jikoni, nikavipanga vitu kimoja kimoja kama yeye alivyokuwa akivipanga kila asubuhi: chuma chenye ncha, kimepinda kidogo kama pembe ya mbuzi, kijiti kinene cha mti mgumu, kimekuwa cheusi kwa mafuta ya mikono ya watu, nyundo ya mti yenye mfereji tumboni, kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani, chenye kisahani cha chuma cha kusukumia sindano, na donge la nta lenye alama za kucha. Mume wangu aliuliza ni vyombo vya nini. Nikamwambia ni vya mashua ya tanga. Akacheka, kwa sababu katika Lubumbashi utatembea mtaa kwa mtaa mpaka viatu viishe, mashua hutaiona. Mimi sikucheka. Viganja vyangu vilikuwa vimeanza kutoka jasho, kama vilivyokuwa vikifanya mwaka ule mzima nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na nikajua kwamba sitatulia mpaka niukumbuke wote, hata pale ninapojionea haya.

Ateliye ya Mama Aziza, yaani karakana yake, ilikuwa mtaani Kamalondo, chumba cha mbele chenye mlango wa mbao wa mabawa mawili, unaofunguka moja kwa moja barabarani. Darini palikuwa na boriti yenye kulabu mbili za kuvutia kamba, na chini, sakafu nzima ilifunikwa na mabashi ya makamio, yale maturubai mazito ya kijani ya kufunikia malori, yanayorudi kutoka njiani yamechanika na kunuka samaki mkavu na mazuti ya injini. Ng'ambo ya barabara walikuwa washona nguo watatu na baa iliyofungua muziki mapema kuliko milango. Nyuma ya pazia, nalo limekatwa katika bashi kuukuu, ndipo tulipokula. Mama Aziza alipika mwenyewe kwenye babula, jiko la makaa: bukari, yaani ugali mgumu unaosimama, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakawa laini kama krimu, na Jumamosi samaki tomson wa kukaanga, mmoja tukigawana, yeye akichukua kichwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkali wa maneno, kichwa kimefunikwa daima kwa mtandio mweupe. Watu wake ni Waislamu wa Maniema, na baba yake alikuwa fundi wa kamba na matanga kwenye mashua za ziwa Tanganyika, siku ambazo mashua bado zilienda kwa upepo. Hakumwachia nyumba wala ng'ombe. Alimwachia vyombo vile, na mikono iliyojua kuvitumia, na yeye akavileta katika mji ambao tanga pekee ni lile linalofunika magunia ya mahindi.

Nilifika pale kushona mabashi, nikidhani ni kwa miezi miwili. Wiki ya pili alinitupia kipande cha kamba akasema, "Fungua nyuzi." Kamba ina nyuzi kubwa tatu zilizosokotwa pamoja. Ukitaka kutengeneza jicho, yaani kile kitanzi cha mwishoni kisichofunguka, unazifumua zile nyuzi, unakunja kamba, halafu unachomeka kila uzi chini ya nyuzi za kamba yenyewe, moja baada ya nyingine, ukipanua njia kwa kijiti kama kamba ni nene, kwa chuma kama imekaza. Fundo la kawaida hupunguza nguvu ya kamba. Jicho lililosukwa vizuri karibu halipunguzi kitu. Nilikaa sakafuni siku nne nikiharibu kipande kilekile. Siku ya tano alikivuta, akakipapasa, akanirudishia, na jioni nikaona ameniwekea mimi kichwa cha tomson.

Nilichukua muda kuelewa kwamba alipapasa kila kitu. Alipomimina chai alitia kidole ukingoni mwa kikombe. Wateja walipoingia alingoja waseme "Yambo, mama" kwanza, ndipo awaite kwa jina. Sindano aliitunga kwa ulimi. Nilidhani ni mazoea ya mtu aliyefanya kazi moja miaka mingi, mpaka mchana mmoja dada yake alipomtembelea, nami niko mbele nashona, wao wako nyuma ya pazia wanakula mikate kwa chai.

"Unaona vidole ngapi?" dada yake aliuliza.

"Acha mambo yako."

"Aziza. Ngapi?"

Kikombe kikawekwa chini. Kisha sauti ya Mama Aziza, ndogo, sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo vile: "Katikati kuko moshi tu. Naonaka pembeni. Kazi ni mutoto njo anafanya. Bantu banafikiri ni miye."

Nilijichoma kidole kwa sindano. Mutoto ni mimi. Tangu mchana ule sikushika kamba tena kwa raha. Kabla ya hapo nilidhani nikikosea ataona. Sasa nilijua kwamba haoni, kwamba kila jicho lililotoka mlangoni pale, likaenda kuvuta gari lililokwama au kushusha mtu shimoni, lilikuwa langu peke yangu na lilikuwa linatembea kwa jina lake.  Nilihesabu mipito, kila mara uzi unapochomekwa, nikioga, nikinunua makala ya babula, nikisali. Ningekuwa mtu mwenye akili ningemwambia, Mama, nimesikia, tuseme ukweli. Sikusema. Na hofu ikikaa sana ndani ya mtu bila kusemwa haimfanyi kuwa mwangalifu, inamchosha tu. Mimi ilinichosha, na katika uchovu ule nikaanza kupita njia ya mkato.

Wakati huo kamba za katani zilikuwa zinapotea sokoni na kamba za nilon zilikuwa zinajaa. Mama Aziza alinionya tangu mwanzo. "Katani, unapitisha mara tatu, basi. Inajishika yenyewe. Nilon inateleza sawa samaki. Unapitisha tano. Hata bakuambie banachelewa, ni tano." Mipito miwili zaidi ni kitu kidogo ukisikia. Kwenye nilon nene, mpya, iliyokazwa na mashine, ilikuwa nusu saa ya kusukuma kijiti kwa kifua mpaka malengelenge yapasuke. Musonda, mchimba visima wa Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, alikuja kuchukua kamba yake siku ya mvua. Kamio lililokuwa limrudishe lilikuwa linapiga honi nje, washona nguo wanamtukana shofere, Musonda amesimama mlangoni anachuruzika maji, mtu mfupi mwenye mabega mapana, anasema kwa upole, "Mama, bananiacha." Nilikuwa nimepitisha mara tatu. Nikakata mikia ya nyuzi, nikaichoma kwa kiberiti ikaungana vizuri, nikachukua nyundo yenye mfereji nikaanza kuzungushia uzi mwembamba juu ya jicho, kama tunavyofanya ili lisichubuke. Ile nyundo inakaza uzi kiasi kwamba kazi yote inafunikwa, nzuri, nyororo, kama mkono uliofungwa bendeji. Mama Aziza alinyoosha mkono akalipapasa.

"Ni tano?"

"Ni tano, mama," nikasema.

Musonda akaitupa kamba begani akakimbilia kamio.

Siku ya nne baada ya pale, asubuhi, tukiwa bado kwenye chai, Ilunga aliingia. Ilunga alikuwa shofere wa barabara ya Kasenga, mcheshi, kila mara ana neno kwa kila mtu. Siku ile alikuja moja kwa moja mpaka tulipokaa. Aliweka juu ya meza kamba ya nilon niliyomtengenezea wiki mbili nyuma, akasema walikuwa wanavuta gari la mwenzake kwenye matope, na jicho likafumuka. Kamba ikarudi kama fimbo. "Ilipita hapa," akasema, akagusa hewa karibu na sikio lake. "Hapa, mama."

Mama Aziza alisukuma kikombe pembeni. Alichukua ile kamba, akatafuta mahali jicho lilipokuwa, akaanza kupapasa mikunjo iliyobaki kwenye nilon, kwa kidole gumba, polepole. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha mkate, sikukirudisha wala sikukila. Kidole kilifika mwisho, kikarudi, kikaanza tena.

"Feza," akaniita. "Hii iko tatu."

Nikaurudisha mkate kwenye sahani.

"Na ile ya Musonda?"

Muziki wa baa ulikuwa umeanza. Nakumbuka hivyo kwa sababu nilitamani uzidi. Nikasema, "Nayo ni tatu."

Nilidhani atanipiga. Alisimama, akagonga goti kwenye meza, akasema kwa upande aliokuwepo Ilunga, "Kamio yako iko na mafuta ya kufika ku Kasomeno?"

Tulikaa watatu mbele, ndani ya kamio, yeye katikati. Barabara ilikuwa udongo mwekundu uliolowa, na simu wakati ule hazikushika nje ya mji, kwa hiyo hakuna ambaye tungeweza kumwita. Kila kijiji tulichopita niliangalia nyuso za watu, kama vile msiba wa Kasomeno ungeweza kuonekana usoni mwa muuza makala wa njiani. Ilunga alijaribu kusema labda Musonda hajaanza kazi, labda mvua imemzuia.  Mama Aziza alikuwa na kifuko cha vyombo mapajani, midomo yake inatembea. Nilidhani anasoma dua. Nilipoinama kusikia, alikuwa anasema, "Tano. Nilimwambia tano."

Kisima kilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nilishuka kabla kamio halijasimama. Niliona rundo la udongo mbichi, gogo la kuzungushia kamba juu ya nguzo mbili, na Chola, mwenzake Musonda, kijana wa rika langu, ameshika mkono wa gogo. Musonda hakuwepo. Kamba, yenye kibao cha kukalia mwishoni mwake, ilikuwa imenyooka kuingia shimoni.

"Iko chini?" nikauliza.

"Iko anapanda sasa," Chola akasema, akaanza kuzungusha.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka sokoni. Nililala juu ya ule mkono wa gogo kwa tumbo. Chola aliniona mwenda wazimu, akataka kunisukuma, Ilunga akamshika. Kutoka shimoni ikaja sauti, mbali, ya hasira: "Kuko nini kule yulu?"

"Papa Musonda!" nikaita. "Shuka ku kibao! Simama chini! Usiikale ku ile kamba!"

"Juu ya nini?"

Badala ya kumweleza kwa nini, niligeuka kumtafuta Ilunga. Ilunga alikuwa amekwisha kukimbilia kamio, akaleta kamba yake kuukuu ya katani. Mama Aziza, amepiga magoti kwenye matope na mtandio wake mweupe, alifunga kitanzi mwishoni kwa vidole vyake, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, tukaishusha. Musonda alikataa kwanza. Alitukana. Alisema ana kamba mpya, aliinunua kwa mafundi wa Kamalondo, hapandi kwa uchafu ule. Mama Aziza akainama juu ya shimo akasema bila kupaza sauti, "Musonda, ni miye, Mama Aziza. Ile kamba njo iko mubaya. Jifunge hii mu kwapa, mutoto yangu, upande yulu." Tukamvuta watu sita, pamoja na wawili waliokuja kutoka ghalani. Alitoka rangi ya udongo mwili mzima, macho tu meupe, akakaa ukingoni akihema.

Chola alileta ile nilon. Nilikata uzi wa juu, ule uzi nyororo, na jicho likaonekana. Uzi mmoja ulikuwa umekwisha kutoka wote. Wa pili ulikuwa umebakiza urefu wa ukucha. Alikuwa ameshuka na kupanda nayo tangu juzi yake, yeye na ndoo za udongo.

Musonda alilishika mkononi. "Nani alifanya hii?"

Nilifungua mdomo. Namwambia Mungu mpaka leo kwamba niliufungua. Lakini Mama Aziza alikuwa amesema: "Ni mukono yangu. Ni miye nilifanya mubaya."

"Mama," Musonda akasema, "miye niko na batoto bane."

"Najua."

Watu wa ghala walikuwa wamejaa, wanasikiliza. Mimi nikaufunga mdomo.

Barabara ya Kasenga ina masikio. Haikuisha wiki mbili, mashofere wakawa wanapita mbele ya mlango wetu wakisalimu kwa mkono bila kusimama. Mabashi yalipungua sakafuni mpaka saruji ikaonekana. Tomson wa Jumamosi akakoma, tukawa tunakula bukari na lengalenga, mchicha tu, na mara nyingi bukari lilikuwa dogo na yeye akisema ameshiba. Hakunitajia kamba. Hakunifukuza. Alinipa kazi iliyokuwepo na kunisahihisha kwa ukali uleule, na hiyo ndiyo iliyoniua. Nilijiambia kwamba alinifunika kwa upendo, na nikabeba wazo lile kama mzigo na kama zawadi pia, mpaka dada yake aliporudi, na pazia likawa lilelile.

"Juu ya nini ulisema ni weye? Mutoto alikuwa pale."

"Na ningesema ni mutoto," Mama Aziza akajibu, "bangeuliza: na weye ulikuwa wapi? Nilikuwa palepale. Niliishika mu mikono. Sikuona, nikaogopa kusema sioni. Yeye alisema bongo siku moja. Miye nasema bongo mwaka muzima."

Kumbe naye alikuwa na uongo wake, na alikuwa anaogopa, siku zote, upande wa pili wa pazia, labda kuliko mimi. Leo nina umri karibu na aliokuwa nao, na namwelewa zaidi kuliko ninavyomwelewa yule msichana. Lakini yule msichana alifanya jambo moja ambalo sina hakika kama mimi wa leo ningelifanya. Alinunua nilon kwa vipesa vyake vya mwisho, akakaa sakafuni siku mbili na kijiti cha mti mgumu, akatengeneza jicho. Alipofika kwenye nyundo ya kuzungushia uzi, Mama Aziza, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikiliza, akasema, "Leta." Akapapasa. Akahesabu kwa sauti, kila uzi, mpaka tano, mara tatu. Hakuuliza kamba ni ya nani.

"Usifunike," akasema. "Acha wazi. Baone."

Kasomeno nilimkuta Musonda kwenye kisima kingine, uani kwa mwalimu mmoja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Nilimsalimu, nikaweka kamba chini, nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa nitalia: kwamba mkono ulikuwa wangu, kwamba niliambiwa tano nikafanya tatu, kwamba niliulizwa nikadanganya, kwamba Mama Aziza hakuona kwa sababu macho yake yanakufa. Hilo la mwisho alikuwa ameniruhusu asubuhi ya jana yake, tukinywa chai. "Mwambie na ile," alikuwa amesema. "Nimechoka."

Musonda aliweka sururu chini. Alichukua kamba, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akahesabu mipito kwa kucha yake nene. Akahesabu tena. Kisha akafungua kamba aliyokuwa akitumia, akazungushia yangu kwenye gogo, akatia kibao cha kukalia kwenye jicho langu. Akanionyesha kile kibao kwa kidevu.

"Shuka."

Chola akacheka. Musonda hakucheka.

"Miye, papa?"

"Weye njo ulifanya. Shuka, nione."

Nilikunja kitenge katikati ya miguu, nikakaa. Kibao kilikuwa chembamba kuliko nilivyodhani. Waliponisukuma kutoka ukingoni kamba ilinyooka, na jicho likalia, mlio mdogo wa nilon inayojikaza, ambao niliufahamu vizuri kutoka kwenye kulabu za boriti na ambao sikuwahi kuusikia nikiwa chini yake. Viatu vyangu vilikuwa vinaning'inia juu ya weusi. Ukuta ulianza kupanda mbele ya uso wangu, mwekundu, halafu wa manjano, halafu wa kijivu na baridi, ukiwa na alama za sururu yake moja juu ya nyingine. Niliangalia jicho. Nilizijua zile nyuzi moja moja, niliweza kusema ni upi ulionipasua kidole. Sikuweza kuomba dua yoyote. Nilihesabu tu, moja, mbili, tatu, nne, tano, na nilipofika tano nikaanza tena, mpaka matope yakagusa nyayo zangu na duara la mbingu likawa dogo kama sahani ya chai.

"Unaogopa?" sauti ya Musonda ikauliza kutoka juu.

"Ndiyo, papa!"

"Hata miye," akasema. "Kila asubui."

Akaniacha kule kidogo. Si muda mrefu, lakini ulitosha kusikia maji yakidondoka mahali fulani ndani ya udongo, na kuelewa kwamba huyu mtu husikia vile kila siku ya kazi, akiwa na watoto wanne, akiamini watu asiowaona. Kisha kamba ikanyooka tena, jicho likalia tena, nikapanda.

Nikafika ukingoni. Chola akanishika mkono akaniondoa kwenye kibao. Musonda hakusema asante, hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajawahi kulisema. Alifuta tope la kiatu changu kwenye kibao kwa kiganja, akakikalia, akashika kamba juu tu ya jicho, akavuta mara moja, akaangalia mbele.

"Bon, sawa," akasema. "Munishushe."

Nikashika mkono mmoja wa gogo, Chola akashika wa pili, tukamshusha.